Robert Koch, daktari aliyehesabu vijidudu kwenye maji ya chujio

Kila masika yanapokaribia, simu ya studio hupokea ujumbe unaofanana. Wasikilizaji wa Nyakakika na vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa wanauliza kuhusu vichujio vidogo vya maji ambavyo mtu anaweza kubeba safarini au kuweka ndani kwa ajili ya dharura. Vingine ni kama mrija mnene wa kunyonyea, vingine ni ndoo mbili zilizopandana, na ndani ya ile ya juu umo mshumaa mweupe wa udongo. Swali ni lile lile: nikichota maji ya lambo nikayapitisha humo, naweza kumpa mtoto anywe?

Jibu lake linapitia maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 110 iliyopita, Daktari Robert Koch wa Ujerumani. Wengi wanamfahamu kwa sababu ya kifua kikuu. Wachache wanajua kwamba yeye ndiye aliyeonyesha kwa hesabu ni wakati gani chujio linaokoa watu na ni wakati gani linawadanganya. Na kazi yake, kwa mema na mabaya, ilifika mpaka Kagera.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866, na mwaka huo huo akafanya kazi hospitalini Hamburg wakati kipindupindu kikiua watu mjini humo. Kumbuka jina la mji huo, tutarudi huko.

Baadaye akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala bosi wa kumsimamia. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa, akaweka darubini, akaanza kuchunguza damu ya kondoo na ng'ombe waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 akathibitisha kwamba kimeta huletwa na kijidudu kimoja maalumu, na kwamba mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Wafugaji wetu wanaokatazwa kuchuna mzoga wa kimeta wanafuata alichokiona daktari huyo wa mashambani. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Dunia nzima ikamjua.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch akapelekwa Alexandria na kikosi cha Wajerumani, na Wafaransa wakapeleka kikosi chao. Kijana mmoja wa kikosi cha Ufaransa, Louis Thuillier, aliugua huko huko akafa. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch aliomba kwenda India. Mjini Calcutta alikuta mabwawa ya mtaani ambamo watu walioga, walifulia na kuchota maji ya kunywa. Mwanzoni mwa 1884, kijidudu alichokuwa anakikuta matumboni mwa waliokufa alikikuta pia ndani ya maji ya bwawa, mahali ambapo watu wa kandokando walikuwa wanaugua. Haki isemwe: Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona kijidudu hicho mwaka 1854, na mwaka huo huo John Snow wa London alikuwa amekwisha kulaumu maji. Hawakusikilizwa. Koch alikuwa na darubini bora na serikali nyuma yake.

Hata hivyo wapinzani hawakuisha. Mkubwa wao alikuwa Max von Pettenkofer wa Munich, mzee aliyeheshimiwa sana, aliyeamini kwamba kipindupindu hutokana na hali ya ardhi na hewa yake. Mwezi Oktoba 1892 mzee huyo alikunywa vijidudu vya kipindupindu mbele ya watu ili kuonyesha kwamba peke yake havina nguvu. Aliharisha kidogo tu, akapona. Ungekuwepo siku hiyo, huenda nawe ungeamini kwamba Koch amekosea.

Lakini wakati huo Hamburg ilikuwa inazika watu. Mwezi Agosti 1892 kipindupindu kilikuwa kimeingia katika bandari hiyo kubwa. Wakuu wa mji walichelewa kutangaza, maana tangazo lingezuia meli, na meli ndizo zilizokuwa mkate wa mji. Koch alitumwa na serikali kuu, akazunguka vichochoroni kwenye nyumba za maskini na vituo vya wagonjwa. Kabla ya ugonjwa kutulia, karibu watu 17,000 waliugua na zaidi ya 8,600 walikufa.

Hamburg ilikuwa inavuta maji ya mto Elbe na kuyapeleka kwenye mabomba bila kuyachuja. Mpango wa kujenga machujio ya mchanga ulikuwepo, lakini ujenzi haujakamilika. Jirani kabisa, nyumba zikigusana, ulikuwepo mji wa Altona. Altona nao ulikunywa maji ya Elbe, tena ulichota chini ya mto, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa. Kwa akili ya kawaida Altona ndiyo ingeteketea. Haikuwa hivyo. Altona ilikuwa na machujio ya mchanga, na waliokufa huko walikuwa mamia machache tu, wengi wao wakiwa wamepata ugonjwa Hamburg walikokwenda kufanya kazi. Kulikuwa na mtaa ambao mpaka wa miji hiyo miwili ulipita katikati yake. Watu ni wale wale, hewa ile ile, udongo ule ule. Upande wa mabomba ya Hamburg waliugua. Upande wa mabomba ya Altona walibaki salama. Hoja ya Pettenkofer ya hewa na udongo ilifia kwenye mtaa huo.

Watu wengi humaliza hadithi hapo. Mimi naona sehemu yenye manufaa kwetu inaanzia hapo, kwa sababu miezi michache baadaye, katika baridi kali ya mwanzo wa 1893, Altona nayo ilipata kipindupindu, ingawa machujio yake yalikuwepo pale pale.

Koch alifuatilia. Alikuwa amekwisha kubuni njia ya kumwaga maji kidogo kwenye sahani yenye utelezi kama mchuzi ulioganda, akisubiri vijidudu viote kama vidoa, kisha anavihesabu. Rekodi za Altona zilionyesha kwamba idadi ya vijidudu kwenye maji yaliyochujwa ilipanda kabla ya watu kuanza kuugua. Chujio moja lilikuwa limesafishwa wakati wa barafu, mchanga ukaganda, likashindwa kufanya kazi. Kwa macho maji yalikuwa safi.

Koch akaeleza kwamba mchanga mtupu hauzuii sana. Kazi hufanywa na utando laini wa tope unaojijenga juu ya mchanga taratibu. Ukiukwangua utando ili kusafisha, kwa siku kadhaa chujio linapitisha vijidudu mpaka utando mpya ukae. Ukiharakisha maji, utando unapasuka. Kwa hiyo akaweka masharti: maji yasishuke haraka kuliko sentimita 10 kwa saa, kila chujio lipimwe kila siku peke yake, na kila mililita ya maji yaliyochujwa isizidi vijidudu 100. Lililoshindwa, maji yake yasiende kwa watu.

Wakati huo huo bidhaa nyingine ilikuwa inapata soko Hamburg. Wilhelm Berkefeld alikuwa ametengeneza mshumaa wa kuchujia kutokana na udongo mweupe mwepesi, ambao ni mabaki ya viumbe wadogo wa majini wa zamani sana. Koch hakuubuni. Mshumaa huo ni babu wa mishumaa iliyomo kwenye ndoo zetu za leo. Nao ulikuwa na kasoro yake: ukitumika siku kadhaa bila kusafishwa, vijidudu hukua ndani ya vitundu vyake na kutokea upande wa pili.

Miaka ya mwisho ya Koch ilikuwa ya safari. Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, kisha India kwa ajili ya tauni, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam. Akiwa huku alipata habari za ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, katika wilaya ya Missenyi ya leo, ambao wenyeji waliuita rubwunga. Daktari wa jeshi, Zupitza, alitumwa huko, na vipimo vilivyorudi vikamthibitishia Koch kwamba ni tauni. Mwaka 1905 alirudi kuchunguza homa ya papasi, na mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 na 1907 alikaa visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, kwa ajili ya malale. Hapa sifa zake lazima zipungue. Aliwachoma wagonjwa wengi sindano za dawa yenye sumu ya aseniki iitwayo atoxyl, na alipoongeza kipimo baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Walikuwa ni watu waliokuja wenyewe wakitafuta kupona. Kabla ya hapo, mwaka 1890, alikuwa ameitangaza tiba ya kifua kikuu ambayo haikuponya. Mtu aliyedai chujio lipimwe kila siku hakuwa mkali hivyo kwa dawa zake mwenyewe. Mwaka 1907 kambi ya wagonjwa wa malale ilifunguliwa Kigarama, Kiziba, kutokana na kazi ya kikosi chake.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, kwenye taasisi yenye jina lake.

Sasa swali la lambo. Kichujio kizuri cha safari kina vitundu vya sehemu 1 au 2 za kumi ya mikroni, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kijidudu cha kipindupindu kina unene wa karibu nusu mikroni, kwa hiyo kinakwama. Virusi, kama vya homa ya ini aina ya A, ni vidogo zaidi na vinaweza kupita. Hivyo kwa mtoto, au kukiwa na mlipuko, maji yaliyochujwa yachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja, au weka dawa ya klorini kama maelekezo ya pakiti yanavyosema.

Maji ya tope yaache kwanza yatulie kwenye ndoo, kisha yapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo uyatie kwenye kichujio. Mshumaa ukianza kupitisha polepole, usugue kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, na maji ya kwanza baada ya kuusugua yamwage. Ukiwa umeanguka, uchunguze kwenye mwanga wa jua. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuharibu kazi yote, na maji yatakayotoka yataonekana meupe vile vile. Ukiuona ufa, huo mshumaa ni wa kutupa.