Jimmie Rodgers: Mpiga gitaa wa Mississippi aliyegeuka Chemirocha katika Bonde la Ufa

HAKUWAHI kukanyaga ardhi ya Kenya, wala hakuna dalili kuwa alijua kwamba kuna watu wanaoitwa Wakipsigis. Hata hivyo, miaka 17 baada ya mauti kumfika, wasichana wa Kapkatet katika nyanda za juu magharibi mwa Nakuru walikuwa wakiliimba jina lake kwa lafudhi yao wenyewe: Chemirocha.

Mtu huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye wanahistoria wa muziki humwita baba wa muziki wa country. Maisha yake yalikuwa mafupi, na yalitawaliwa na mambo matatu: reli, kifua kikuu na gitaa.

Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, na mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, ndio uliomhesabu kuwa mwanawe. Mamaye alifariki akiwa angali mtoto mdogo. Babaye, Aaron, alikuwa nyapara wa kikosi cha kukarabati reli, na kijana huyo akafuata nyayo zake. Alianza kwa kuwachotea maji vibarua, wengi wao wakiwa watu weusi, na kutoka kwao alijifunza nyimbo za majonzi zinazoitwa blues.

Baadaye alikuwa mfunga breki wa garimoshi, kazi ya hatari iliyomlazimu mtu kupita juu ya mabehewa yakiwa mwendoni. Katika vituo na mabweni ya wafanyakazi, gitaa lilikuwa mwenzake wa usiku.

Mwaka 1924 madaktari walimweleza kwamba alikuwa na kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kuukabili, iligunduliwa mwaka 1943. Aliyeambiwa habari hiyo alijua kwamba siku zake zilikuwa za kuhesabiwa. Kazi ya reli ilipomshinda, Rodgers aliamua kula kwa jasho la vidole na koo.

Nafasi ilijitokeza Agosti 1927, pale Ralph Peer wa kampuni ya Victor alipofika katika mji wa Bristol, Tennessee, kutafuta waimbaji wa mashambani. Rodgers alikwenda na kundi lake, lakini usiku wa kuamkia kurekodi walizozana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakamtoroka. Agosti 4 aliingia peke yake na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili.

Miezi michache baadaye, mjini Camden, New Jersey, alirekodi wimbo uliompa umaarufu, wa kwanza katika mfululizo wa Blue Yodel. Ndani yake alichanganya majonzi ya vibarua weusi na mtindo wa kupaza sauti kwa kuikatiza kooni ghafla, mithili ya wachungaji wa milima ya Ulaya. Santuri hiyo ilinunuliwa kwa wingi mno, na mfunga breki aliyekuwa hana kitu akawa tajiri.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka 1928 kampuni ya Martin ilimtengenezea gitaa la aina ya 000-45, lililonakshiwa kwa kombe la baharini lenye kumeremeta. Jina lake lilipachikwa shingoni mwa gitaa hilo kwa herufi kubwa. Mgongoni palichorwa neno la shukrani, hivi kwamba alipomaliza kuimba aliligeuza tu, hadhira ikasoma asante yake.

Lilikuwa gitaa la mbao. Katika gitaa la namna hiyo, nyuzi hutikisa ubao wa mbele, nao ubao hutikisa hewa iliyo ndani ya sanduku. Umbo la sanduku ndilo hutoa sauti. Likipunguzwa mno, sauti hufifia. Likibadilishwa kiholela, sauti huharibika. Mpigaji hana uhuru mkubwa wa kuchagua sura.

Kongwa hilo lilivunjwa Rodgers akiwa angali hai. Mwaka 1932 liliingia sokoni gitaa la umeme lililobuniwa na George Beauchamp na kuuzwa na kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker. Lilitengenezwa kwa aluminiamu, kiwiliwili chake kikiwa kidogo na cha mviringo na shingo yake ndefu, hata watu wakalibandika jina la kikaango. Sauti ilinaswa na sumaku iliyozungukwa na waya, kisha ikakuzwa kwa kipaza sauti. Kwa hivyo kiwiliwili hakikuhitaji tena kuwa sanduku la mvumo. Tangu hapo mafundi wameweza kuunda magitaa madogo, ya pembetatu au yenye pembe kama za swara, na wapigaji wa rock wamekuwa wakiyachagua kwa sura na wepesi bila kuhofia kupoteza sauti.

Rodgers hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 1931 alirekodi wimbo kuhusu kifua kikuu chake mwenyewe, bila kuficha wala kuomba huruma. Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi nyimbo zaidi, familia yake isije ikabaki mikono mitupu. Alikuwa amedhoofika kiasi kwamba aliwekewa kitanda studioni, akawa analala baada ya wimbo mmoja na kuinuka kwa mwingine. Alimaliza Mei 24. Siku mbili baadaye, Mei 26, alifariki hotelini akiwa na umri wa miaka 35. Garimoshi ndilo lililomrudisha Meridian.

Wakati huo sauti yake ilikuwa ikisafiri kwa njia nyingine. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900 na kuendelea hadi Kisumu mwaka uliofuata. Kandokando yake, kutoka Njoro na Molo hadi kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho, walowezi na wamishonari waliishi na gramafoni zao. Wakipsigis waliisikia sauti hiyo ikitoka ndani ya sanduku, bila kumwona mwimbaji wala gitaa lake.

Mnamo 1950 mtafiti Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet. Huko alirekodi nyimbo tatu zilizobeba jina la Chemirocha. Ule uliopata sifa zaidi uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, kwa chepkong, zeze la Kikipsigis lenye nyuzi sita.

Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwona Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swara, na wimbo wao ulimwalika kucheza ngoma. Aliandika pia kwamba neno hilo lilikuwa limekuja kumaanisha jambo lolote jipya na geni. Jina lenyewe lilikuwa limepata makao bila taabu, kwani majina ya Kikalenjin yanayoanza kwa Che ni mengi, kama vile Chebet, Cherono na Chepkemoi.

Ni rahisi kukicheka kisa hiki na kuwaona wasichana hao kuwa washamba waliodanganywa na mashine. Kufanya hivyo ni kuwakosea. Wao hawakungoja kupata gitaa la Martin ndipo waimbe. Walichukua ala waliyokuwa nayo, yenye umbo ambalo hakuna kiwanda kilicholiwaza, wakaitia ndani yake sauti ya mgeni na kuifanya mali yao. Kizazi kilichofuata, akiwemo Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, kilishika magitaa yenyewe na kuyaimbisha kwa Kikalenjin.

Huko Marekani, mjane wake, Carrie, alimwazima mwimbaji Ernest Tubb lile gitaa la Martin, naye akalipiga kwa takriban miaka 40 kabla ya kurejeshwa Meridian. Mwaka 1961 Rodgers alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa country, na mwaka 1986 jumba la rock likamtambua kama mmoja wa waliolitandikia njia.

Chemutoi Ketienya hakupata jumba. Sauti yake ilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na haikurudishwa Kapkatet hadi miaka ya 2010, watafiti walipozipeleka rekodi hizo kwa jamii iliyoziimba. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 60.

Rodgers alipoteza kundi zima kwa sababu ya jina kwenye santuri, kisha akaliona jina lake liking'aa kwenye shingo ya gitaa. Lakini heshima ya kipekee zaidi alipewa na wasichana ambao hawakujua herufi zake. Ni haki basi kwamba kila anayemtaja Chemirocha amtaje na Chemutoi.