Boheti bin Amrani: Fundi wa mifupa ya Tendaguru
Na Mwandishi Wetu

WAGENI wanaoingia katika makumbusho ya elimu viumbe mjini Berlin, Ujerumani, hupokewa na mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mnyama huyo alitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Aliyesimamia mikono iliyomfukua ni Mwafrika, Boheti bin Amrani.

Mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuziacha nchi za Kusini katika njaa na majonzi, wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig walipiga kambi Tendaguru. Boheti akawa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Wafanyakazi waliongezeka hadi kufikia mamia, wakiwamo Wamwera, kabila ambalo leo lina wenyeji wengi Ruangwa na Nachingwea.

Kazi ya Boheti haikuwa ya kupiga jembe. Mfupa wa miaka milioni 150 huvunjika kama chungu kibovu. Ilimpasa fundi kuondoa udongo kidogo kidogo, kuunganisha vipande na kuvifunga vizuri. Mafundi wa Tendaguru walitumia mianzi, wakaifunga kuuzunguka mzigo mithili ya tenga. Wapagazi wakabeba mizigo hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Hadi mwaka 1913, zaidi ya tani 200 zilikuwa zimesafirishwa.

Huko Berlin, kazi ya mikono iliendelea. Hakuna mnyama aliyepatikana mzima. Mifupa ya wanyama kadhaa ilibidi iunganishwe. Pingili za mgongo, ambazo asili zake ni dhaifu mno kubeba uzito, zilitengenezwa upya, na fuvu lililoko juu ya shingo ni nakala. Katika ufundi wa namna hii, fundi hupima pengo, hufinyanga umbo, hutengeneza kalibu na kumimina jasi, kisha hutia rangi kuondoa weupe ili kipande kipya kilandane na cha kale. Dinosaria huyo alisimamishwa mwaka 1937.

Boheti hakuishia kwa Wajerumani. Waingereza walipofungua upya machimbo mwaka 1924, ujuzi wake ulihitajika tena, safari hii kwa ajili ya makumbusho ya London. Watawala walibadilika, fundi akabaki yule yule.

Kwa miaka mingi heshima iliwaendea wageni. Aina ya mnyama yule mkubwa ilipewa jina la Wilhelm Branca, mkurugenzi aliyekuwa Berlin. Ni mwaka 2007 tu mtaalamu Kristian Remes alipomkumbuka Boheti, akaiita aina nyingine ya Tendaguru, iliyotambuliwa kwa pingili mbili za shingo, Australodocus bohetii.

Mjadala wa kurejeshwa kwa mifupa hiyo umefufuka mara kwa mara nchini, hata bungeni. Wapo wanaotaka irudi, na wapo wanaouliza itatunzwa wapi. Vyovyote itakavyoamuliwa, deni moja halihitaji meli wala makasha: watoto wa Lindi kufundishwa jina la Boheti bin Amrani.