Michael Grzimek: rubani kijana aliyegongana na tumbusi Serengeti

Wasikilizaji wetu wanaosafiri kati ya Mwanza na Musoma hupita lango la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Serengeti inakaribia kugusa Ziwa Victoria. Ukisimama pale saa nne au saa tano asubuhi, jua likishapanda, tazama juu. Utaona tumbusi wakizunguka bila kupiga mabawa. Ni tumbusi mmoja aliyesababisha kifo cha Michael Grzimek, tarehe 10 Januari 1959. Kijana huyo alikuwa na miaka 24 tu.

Michael alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Wawili hao walifanya kazi kama marafiki. Mwaka 1956 walitoa filamu kuhusu wanyama wa Afrika, ikapendwa sana, na fedha walizopata wakataka kuzitumia kununua ardhi ya kupanua Serengeti. Wakubwa wa hifadhi za Tanganyika waliwashauri jambo jingine: wawahesabu wanyama kwanza, kwa sababu hakuna aliyejua ni wangapi na wanahamia wapi. Serikali ya kikoloni ilikuwa inapanga kubadilisha mipaka ya hifadhi.

Kazi hiyo isingewezekana kwa gari. Kwa hiyo baba na mwana wakajifunza urubani, baba akiwa anakaribia miaka 50. Desemba 1957 walitoka Frankfurt na ndege yao ndogo ya injini moja, Dornier Do 27, waliyoipaka mistari kama punda milia, wakaiendesha wenyewe hadi Serengeti. Tunaona huo ulikuwa ujasiri mkubwa kwa marubani wapya.

Kambi yao ilikuwa Banagi. Waliruka chini chini, mstari kwa mstari, wakihesabu nyumbu, punda milia na swala. Walipata wanyama wakubwa karibu 367,000, na kati yao nyumbu walikuwa kama 99,000. Leo nyumbu wamepita milioni moja, na sababu kubwa ya ongezeko hilo wafugaji wetu wataielewa upesi: sotoka ilidhibitiwa kwa ng'ombe, ikaacha kuua ndama wa nyumbu.

Siku ya ajali Michael alikuwa peke yake. Uchunguzi ulionyesha kuwa tumbusi aligonga bawa la kulia. Bawa likabonyea, nyaya za kuongozea ndege zikakwama, na ndege ikashuka kichwa chini hadi ardhini.

Kiswahili chetu kinamwita mwenye manyoya ndege, na chombo chenye injini nacho ndege. Huko juu wote wawili wanatumia njia moja. Mwanafunzi wa urubani hufundishwa mapema kukwepa vyombo vingine, hasa kwenye viwanja vidogo visivyo na mnara wa kuongozea. Kila rubani hutangaza redioni alipo na anakoelekea, wote huzunguka kiwanja kwa upande uliokubaliwa kabla ya kutua, na macho hayaachi kutafuta. Tumbusi hana redio. Hupanda na hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, ndiyo maana asubuhi mapema humkuti juu, lakini kuelekea mchana anakuwa katika kimo kile kile cha ndege ndogo. Tumbusi wa Rüppell, anayepatikana Serengeti, anaweza kufika kilo 9. Mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, katika kimo cha mita 11,000 na zaidi.

Marubani hufundishwa wakikutana na ndege wa porini wapande juu kuliko kushuka, kwa kuwa ndege hao wakishtuka mara nyingi hukunja mabawa na kudondoka. Kwetu kandoni mwa ziwa, makorongo marabu na mwewe hufuata mabaki ya samaki na taka za machinjio. Taka hizo zikitupwa jirani na kiwanja cha ndege, zinawaita mahali ambapo rubani yuko chini na hana nafasi ya kukwepa.

Bernhard alimzika mwanawe ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, kisha akaikamilisha filamu waliyoianza pamoja. Mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar. Dunia ikaijua Serengeti. Lakini tusiifupishe habari hii: mipaka ilibadilishwa mwaka 1959 hata hivyo, Ngorongoro ikatengwa, Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti, na Bernhard alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba watu wasiishi ndani ya hifadhi. Kwa jamii zilizopoteza malisho na mawindo, jina la Grzimek halina utamu ule ule lilionao Ulaya.

Bernhard aliendelea kurudi Tanzania kwa miaka mingi. Alifariki Frankfurt mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya Michael, chini ya rundo la mawe ambalo wasafiri wa kwenda Serengeti hulipita hadi leo.