Mekatilili na ngoma ya msiba

Mekatilili wa Menza, Mgiriama wa Ganze, Kilifi, alikuwa na kaka aitwaye Mwarandu. Yasimuliwa kwamba alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, asirudi tena. Ndugu asiyerudi hana kaburi wala matanga.

Mwaka 1913, Waingereza walipotaka vijana na kodi, mama huyu alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishini. Watu walimfuata, wakala viapo kuwakataa wakoloni. Oktoba alikamatwa, akapelekwa Kisii. Akatoroka, akarudi kwa miguu. Kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Leo tukialika kifudu kwenye sherehe zetu, tukumbuke: ni ngoma ya kuwalilia wafu, naye aliitumia kuwaamsha walio hai.