Mgeni katika Nchi Tatu: Maisha ya William Jones wa Rabai

Sisi wa mitelemko ya Kilimanjaro tumezoea kusimulia habari za wageni waliotujia kutoka Ulaya: Rebmann aliyeiona theluji ya mlima wetu mwaka 1848, na wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893. Lakini yuko mtu wa Afrika aliyekaa ugenini katika Asia, kisha akarudi kuwahudumia watu wa pwani, na habari zake zafaa kujulikana na kila mwalimu wa sharika zetu. Jina lake ni William Henry Jones.

Alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika kabila la Wayao, akatekwa angali mtoto, akatiwa utumwani. Siku zile manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa, na wengi waliookolewa walipelekwa Bombay, katika Bara Hindi. Basi Jones naye akafika Asia. Ndugu, tufikiri kidogo neno hili. Mtoto amefunguliwa minyororo, lakini hakurudishwa kwa mama yake. Amepewa uhuru katika nchi asiyoijua, na jina lisilo la baba zake.

Huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, misioni ya Waingereza iitwayo Church Missionary Society ilikuwa na kijiji cha Waafrika. Mmoja wa waliowalea ni Isenberg, Mjerumani aliyepata kufanya kazi na Krapf katika Uhabeshi. Vijana wakajifunza kusoma, Neno la Mungu, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Baadhi ya wanafunzi wa Nasik walisafiri na Livingstone katika safari yake ya mwisho. Na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik, aliisindikiza maiti yake hata ikazikwa London mwaka 1874.

Mwaka 1864 Jones na mwenzake Ishmael Semler, pamoja na wake zao, walivuka bahari, wakafika Rabai, karibu na Mombasa, kumsaidia Rebmann. Krapf na Erhardt walikuwa wamekwisha kuondoka, na kazi ilikuwa na matunda machache. Jones akarudi Afrika, lakini si kwao Uyao. Wenyeji waliwaona watu wa Bombay kuwa wageni kwa mavazi na desturi zao, na Wazungu wengine waliwahesabu kuwa wenye kiburi, kwa kuwa walitaka kuheshimiwa kama watenda kazi wenzao. Hivyo mtu huyu alikuwa mgeni kotekote. Hata hivyo hakuiacha kazi.

Mwaka 1885 Jones na Semler waliwekewa mikono na Askofu Hannington, wakawa mashemasi. Askofu huyo ndiye aliyefika kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka ule ule, na misioni yake ikaanza kazi hapa kwetu, ikadumu hata mwaka 1892. Mwezi wa Julai alifunga safari kwenda Uganda kwa njia ya Umasai, na Jones akafuatana naye. Walipofika kwa Sundu, mahali paitwapo Mumias, Askofu alitangulia na watu 50, akamwachia Jones wapagazi waliobaki. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa katika Busoga, na wale waliokuwa naye wakauawa, wakaokoka wanne tu. Jones alipopata habari alingoja bado, asije akamwacha bwana wake kama yu hai. Kisha akawaongoza watu wake katika njia ile ndefu, akawarudisha Rabai mwezi wa Februari 1886. Mbele yao ilichukuliwa bendera yenye neno moja, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Lakini jaribu lake kubwa lilikuwa Rabai. Watumwa wengi waliwatoroka mabwana zao wakakimbilia misioni. Sheria ya pwani ilikuwa upande wa mabwana, na wakuu wa misioni waliogopa vita, wakakataza watoro wasipokewe. Jones angefanya nini? Kuwapokea ni kuwavunjia neno wakuu wake, na kuhatarisha watoto na wanawake wa kijiji kizima. Kuwafukuza ni kuwarudisha katika minyororo ile aliyoijua yeye mwenyewe. Akawapokea, wakalima na kukaa karibu naye. Mwaka 1888 mabwana walidai mali yao kwa ukali, na hatari ikawa karibu. Ndipo Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza, alipopatana nao kulipa fidia. Na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa misioni za pwani, wengi wao wa Rabai, walipewa hati za uhuru.

Wako waliomlaumu Jones kwa kutokutii, na lawama yao si neno dogo, kwa maana kanisa haliendi bila utii. Lakini sisi twakumbuka ya kuwa Torati yenyewe ilikataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia kwa bwana wake. Mwaka 1895 Jones na Semler walifanywa makasisi. Jones akafariki mwaka 1904.

Wapenzi wasomaji, katika vijiji vyetu wamo wageni waliokuja kutafuta kazi mashambani na mjini, wasio na ukoo wala kihamba. Jones aliujua moyo wa mgeni, kwa hiyo mlango wake haukufungwa. Sisi tulio na ukoo na migomba ya baba zetu, je, mlango wetu ukoje?