Aliyebuni kombe la wote, na timu iliyokosa nauli

Kila droo ya kombe la shirikisho inapotoka, vijana hapa barazani huniuliza ni nani aliyefikiria kuikutanisha timu ya mtaani na ya ligi kuu. Huwajibu kwa jina moja: Charles Alcock.

Alizaliwa Sunderland, Uingereza, mwaka 1842, akasoma Harrow, shule ya watoto wa matajiri. Huko mabweni yalishindana kwa mtoano: ukifungwa, umetoka. Mwaka 1870 akawa katibu wa chama cha soka cha kwao, FA. Julai 20, 1871, katika ofisi ya gazeti moja jijini London, alipendekeza mtindo ule wa shuleni uwe kombe la vilabu vyote wanachama.

Vilabu 15 vilijiandikisha. Queen's Park walisafiri kutoka Glasgow kwa pesa za mchango, wakaenda sare na Wanderers, timu ya Alcock mwenyewe, kwenye nusu fainali. Mechi ilitakiwa irudiwe. Hawakuwa na pesa za kubaki London wala za kurudi tena, wakajiondoa. Wanderers wakapita, na Machi 16, 1872 wakawafunga Royal Engineers 1-0. Nahodha aliyebeba kombe la kwanza ndiye aliyelibuni, na kabla ya fainali timu yake ilikuwa imeshinda mechi moja tu.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu ya wafanyakazi wa viwandani, iliwafunga Old Etonians, mabwana wa shule ya kifahari, 2-1 kwenye fainali. Kabla ya hapo mwenye kiwanda wa mji wao aliwalipia kwenda Blackpool kufanya mazoezi. Wakubwa wengi wa soka walitaka wachezaji wa kulipwa wapigwe marufuku. Alcock alitaka waruhusiwe, na mwaka 1885 wakaruhusiwa. Alifariki Brighton mwaka 1907.

Nasi Pwani tumelionja kombe kama hilo: Bandari walilileta Mombasa mwaka 2015 na 2019. Lakini Bandari wana mwajiri nyuma yao. Timu ya mtaani kwetu niliwahi kuiona ikitolewa bila kupiga mpira, kwa kukosa nauli ya basi tu. Viongozi na wafanyabiashara wetu, droo ijayo msingoje vijana wabishe hodi na daftari la mchango. Ulizeni mapema wanakwenda wapi, na basi ni pesa ngapi.