Jimmie Rodgers: Mwana wa Reli Aliyeitwa Chemirocha

Wasomaji walio na asili ya Kericho na Bomet huenda wamewahi kumsikia mzee akilitaja jina la Chemirocha. Mwenye jina hilo hakuwa Mkipsigis. Alikuwa Mzungu wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyeaga dunia mwaka 1933 bila kuikanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja. Midomo ya watu wa huku ililiokota jina lake kutoka kwenye santuri, ikalichonga upya mpaka likawa la Kikalenjin kabisa. Nimeona heri nisimulie maisha yake, kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa, hapa nyumbani kwangu mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, nimeshikwa na tamaa ya kukusanya magitaa ya namna ile inayolia nyuma ya sauti yake, na kila ninapoingia na jingine mlangoni watu wa nyumbani huniuliza kisa na maana.

Jimmie alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, pande za mji wa Meridian katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mamake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akawa wa kulelewa na jamaa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Babake, Aaron Rodgers, alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli, na huko relini ndiko kijana alikopata shule yake ya kweli. Alianza kwa kuwapelekea maji wafanyakazi, wengi wao watu weusi, na kwao akajifunza nyimbo za kazi na namna ya kukwaruza banjo na gitaa. Baadaye akawa mfunga breki wa treni, kazi iliyokuja kumpa jina la utani alilokufa nalo.

Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri. Walipata watoto wawili wa kike, Anita na June. Huyu June hakutimiza hata mwaka mmoja. Alifariki Desemba 1923, babake akiwa mbali New Orleans akitafuta kibarua, mfukoni hana kitu. Inasimuliwa kwamba ilimbidi aweke banjo yake rehani ili apate nauli ya kwenda kumzika mwanawe. Mimi nimesoma mambo mengi juu ya mtu huyu, lakini hilo la banjo ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote.

Mwaka uliofuata, 1924, daktari akamwambia ana kifua kikuu. Tukumbuke kwamba dawa ya kwanza ya kuutibu ugonjwa huo, streptomaisini, ilikuja kugunduliwa mwaka 1943. Mtu aliyeambiwa hivyo wakati ule alikuwa amesomewa hukumu, asichojua ni tarehe tu. Mwaka huohuo wa 1924 ndio reli ilipofika Eldoret, na mji huu ambao wazee waliuita Sikisti-foo, kwa sababu ya namba ya shamba ulipoanzia, ukapata mlango wa kutokea. Huku reli ikifungua mlango, kule Mississippi ilikuwa inamfungia Jimmie, kwani kifua chake hakikuweza tena kazi ya treni. Alihangaika kidogo hapa na pale, kisha akaamua kwamba kilichobaki ni kuimba.

Bahati yake ilimkuta mjini Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, kiangazi cha 1927. Bwana mmoja, Ralph Peer, alikuwa amefika na mitambo ya kampuni ya Victor kutafuta waimbaji wa milimani. Jimmie alikwenda na bendi yake, lakini usiku wa kuamkia siku ya kurekodi wakagombana, na wenzake wakaimba kivyao. Naye hakurudi nyumbani. Tarehe 4 Agosti alisimama peke yake na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili. Hazikuleta vumo kubwa. Bila kungoja kuitwa, akajipeleka mwenyewe mpaka New York kumkumbusha Bwana Peer kwamba yupo, na tarehe 30 Novemba 1927, huko Camden, New Jersey, akaimba ile yodeli yake ya kwanza ya huzuni. Yodeli ni mtindo wa kuipasua sauti: inatoka kifuani nzito, ghafla inaruka juu kooni nyembamba kama ya mtoto, kisha inarudi. Santuri hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu, na yule mgonjwa wa kifua akawa tajiri kwa kazi ya kifua.

Sasa nafika pale panaponihusu mimi. Februari 1928 Jimmie alirudi Camden kurekodi, na safari hii akaongozana na watu wa kumpigia vyombo, mmoja wao Ellsworth Cozzens. Huyu Cozzens alipiga gitaa la kupakata.

Gitaa hili ni jamaa wa gitaa la kawaida lakini halina tabia zake. Nyuzi zimeinuliwa juu sana ya ubao, hata ukitaka kuzibonyeza kwa kidole huwezi. Mpigaji huketi akalilaza mapajani uso ukitazama juu, kama mama aliyempakata mwanawe. Mkono wa kulia unakwanyua nyuzi, na wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Kwa hiyo sauti haipandi ngazi moja moja kama ya gitaa letu. Inateleza kutoka chini hadi juu bila kukatika, ikiomboleza kama mtu, au ikipiga mbinja kama treni inayopotea kwa mbali. Kwa mwana wa reli, ungependa apate chombo gani kingine?

Asili yake ni visiwa vya Hawaii, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu. Wapo wanaosimulia kwamba akiwa kijana aliokota bolti kwenye njia ya reli, akaipitisha juu ya nyuzi za gitaa, akastaajabu alichokisikia. Wengine hutaja kitana, wengine kisu. Mimi naishabikia bolti, na msomaji ataelewa kwa nini. Kekuku aliondoka kwao mwaka 1904 kwenda Marekani bara, akazunguka akipiga na kufundisha, na hakurudi. Alifia New Jersey mwaka 1932. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915 yalipowafanya Wamarekani waingiwe wazimu na muziki wa Hawaii, gitaa la kupakata likaingia kila mahali, mpaka mikononi mwa watu wa kusini kama Cozzens.

Nilipoanza, nilikuwa na moja tu, tena la kujitengenezea: gitaa la kawaida ambalo fundi wa mtaani alilitilia kipande cha mfupa chini ya nyuzi kichwani ili zinyanyuke. Nilidhani yatosha. Halafu nikasikia kwenye santuri kwamba Cozzens hasikiki sawa na aliyemfuata, na aliyemfuata hasikiki sawa na wa tatu, nikataka kujua ni mkono unaobadilika au ni chombo. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Lipo la mbao tupu, shingo yake tumbo wazi kama mtumbwi. Lipo lenye sahani ya bati kifuani, ambalo mlio wake mkali ulikusudiwa kushinda kelele za ukumbi kabla ya siku za umeme. La umeme nalo lipo, ubao mwembamba ambao mgeni mmoja aliudhania wa kukatia mboga. Hakukosea mbali sana, kwani gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, lililotengenezwa California mwaka 1932, lilikuwa la kupakata, la alumini, na kwa umbo lake lilipewa jina la kikaango.

Tukimrudia Jimmie, yeye hakukusanya magitaa hayo, alikusanya mikono. Baada ya Cozzens alimchukua Joe Kaipo, Mhawaii, aliyerekodi naye huko Dallas mwaka 1929. Kiangazi cha 1930, Hollywood, alizungukwa na bendi nzima ya Wahawaii ya Lani McIntire. Ni siku hizohizo, tarehe 16 Julai, aliporekodi na Louis Armstrong akipuliza tarumbeta na mkewe Lil kwenye piano, jambo ambalo Marekani ya ubaguzi ilikuwa haijalizoea. Mwaka 1931 huko Louisville akampata Cliff Carlisle, ambaye kwa sikio langu ndiye aliyekuwa na mkono mkali kuliko wote. Wengine humsifu zaidi Kaipo. Ni ubishi ambao huweza kutumaliza jioni nzima.

Fedha ziliingia na fedha zikatoka. Alijenga jumba huko Kerrville, Texas, mahali palipojulikana kwa hewa nzuri kwa wagonjwa wa kifua, na halikukaa mikononi mwake muda mrefu. Anguko la uchumi la mwaka 1929 lilipunguza wanunuzi wa santuri, na gharama za ugonjwa hazikupungua. Kila mara daktari alimtaka apumzike, naye kila mara aliondoka kwenda kuimba, kwa maana kulikuwa na Carrie na Anita wa kulishwa, na kila wimbo uliorekodiwa ulikuwa akiba yao. Kwa muda usiotimia miaka sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100.

Mei 1933 alifika New York akiwa amebaki mifupa. Kampuni ilimwekea kitanda ndani ya jengo la kurekodia. Aliimba, akalala, akaamka, akaimba tena. Tarehe 24 waliletwa wapigaji wawili wa kumsaidia, lakini wimbo wa mwisho kabisa aliupiga peke yake na gitaa lake, kama alivyoanza Bristol. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Mei, alikata roho hotelini. Alikuwa na umri wa miaka 35. Maiti yake ilisafirishwa kwa treni hadi Meridian.

Lakini santuri hazizikwi. Ziliendelea kusafiri, na pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono zikafika katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet na mitambo yake, na huko akakuta nyimbo zinazoitwa Chemirocha. Alirekodi tatu. Iliyopata sifa duniani ni ile ya wasichana, wakiimba kwa sauti nyororo huku chepkong, chombo cha nyuzi kilicho ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, kikikwanyuliwa nyuma yao. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba Chemirocha alikuwa amegeuka kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa.

Wasomi wamelicheka na kulitafakari jambo hilo kwa miaka mingi. Mimi silioni la ajabu hivyo. Chukua mtu ambaye hajawahi kuona gitaa la kupakata, mwekee santuri gizani. Atasikia koo la mwanamume linalopasuka na kuwa la mtoto, na kando yake kitu kinacholia bila pumzi. Asiposema ni mnyama, aseme ni nini? Nami naona walimtendea heshima. Kule kwao Jimmie aliingizwa katika jumba la mashujaa wa muziki wake mwaka 1961, miongoni mwa watatu wa kwanza; huku kwetu wasichana walikuwa wameshamtungia wimbo na kumwalika kwenye ngoma miaka 11 kabla. Rekodi za Tracey zilitunzwa Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 zilirudishwa Ukipsigis, wazee wakasikia tena sauti za ujana wao.

Gitaa langu la umeme nililinunua kwa mzee mmoja wa hapahapa Pioneer aliyekuwa akitafuta karo ya mjukuu wake. Bei haikuwa ya kujivunia, yake wala yangu. Nilipofika nyumbani nilikumbuka ile banjo ya New Orleans, nikaandika daftarini jina la mzee, tarehe na bei, na tangu hapo hufanya hivyo kwa kila gitaa ninalonunua kwa mtu mwenye shida. Mwenyewe akilirudia, atalipata kwa bei ileile. Mwaka jana yule mjukuu alikuja. Amemaliza masomo, ana kazi, babu amelala kitandani na ameliulizia gitaa lake. Alihesabu fedha mezani, akalibeba likiwa limefungwa kwenye shuka.

Msumari wake ukutani ungali mtupu. Juma lililopita nimeambiwa kuna moja Turbo, halina nyuzi, na mwenyewe anataka kuuza.